Picha ipo kwenye TV, sauti imebaki kwenye laptopu

Kwenye vibanda umiza vya Mtwara mjini kisa ni kilekile: laptopu imeunganishwa na TV kwa waya wa HDMI, mpira unaonekana, sauti inatoka kwenye laptopu. Usikimbilie kununua waya. HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Mara nyingi ni Windows ambayo haijahamisha sauti.

Bofya alama ya spika chini kulia, fungua orodha ya vifaa vya sauti, chagua TV. Haimo? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter, kisha bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya kwenye nafasi tupu ya orodha na uruhusu vifaa vilivyozimwa vionekane. TV ikitokea, iwashe na uifanye chaguo la msingi. Programu iliyokuwa wazi ifunge uifungue upya, maana nyingine hung'ang'ania spika ya zamani.

Bado kimya? Chomoa waya, washa TV kwanza, ndipo uchomeke. Kelele za uwanja zikisikika lakini mtangazaji hasikiki, huenda kompyuta imewekwa kutoa sauti ya 5.1 (ya spika sita), irudishe kwenye stirio (ya spika mbili).

VGA, waya wa zamani wa picha, haibebi sauti kabisa, hata waya uwe wa bei gani. Ongeza waya wa sauti wa milimita 3.5, kutoka tundu la hedifoni hadi tundu la TV la kupokea sauti.

Na huku Shangani na Mikindani, chumvi ya bahari hula vichwa vya waya. Zima vyote, futa kwa spiriti, acha vikauke.