Msumeno mdogo wa meza: fensi, kisu cha nyuma na mbao inayobana

Msumeno mdogo wa meza wa inchi 10 huzungusha diski yake kiasi cha mara 4,800 kwa dakika. Piga hesabu: ncha ya kila jino inakwenda zaidi ya mita 60 kwa sekunde. Meno ya mbele, yaliyo upande wako, yanashuka na kuikandamiza mbao mezani. Meno ya nyuma yanapanda. Mbao ikiyagusa hayo ya nyuma hunyanyuliwa na kurushwa kifuani au tumboni mwako kabla hujapepesa jicho. Sehemu kubwa ya kujifunza mashine hii ni kuizuia mbao isiguse meno ya nyuma.

Kwa hiyo unaponunua, hasa mtumba, tazama kwanza kisu cha nyuma. Ni bamba la chuma lililosimama nyuma ya diski, linalopanda na kushuka pamoja nayo, ili mkato usijifunge. Unene wake uwe kati ya unene wa bamba la diski na upana wa mkato: diski yenye bamba la mm 1.8 inayokata mm 2.6 inataka kisu cha kama mm 2.2. Kikizidi, mbao inakwama katikati ya safari. Kikipungua, hakizuii kitu. Kikae mm 3 hadi 8 kutoka kwenye meno. Mashine iliyong'olewa kisu iache hapo hapo, hata bei ikiwa ya kutupa.

Kabla ya kukata chochote, chomoa plagi na upime. Meza huwa na mfereji ambamo kipimo cha pembe, kifaa cha kuisukuma mbao inapokatwa kwa upana, huteleza. Diski lazima iende sambamba na mfereji huo. Chagua jino moja, litie alama ya peni, lizungushe hadi mbele, upime umbali kutoka mferejini hadi ncha yake. Lizungushe jino lile lile hadi nyuma, upime tena. Ukitumia meno mawili tofauti utapima kasoro ya diski badala ya kasoro ya mashine. Tofauti ikizidi mm 0.1 au 0.2, legeza boliti za meza au za mota, kutegemea mashine, usogeze kidogo kidogo. Halafu fensi, ule ukingo mrefu ambao mbao huuegemea inaposukumwa, nayo iende sambamba na mfereji. Ikikosea, ni heri nyuma ifunguke unywele mmoja kuliko kuelekea kwenye diski, kwa sababu fensi iliyoinama ndani inaisukuma mbao moja kwa moja kwenye yale meno yanayopanda. Simamisha skwea kando ya diski kuhakikisha digrii 90, na iguse bamba, isiguse meno.

Diski inayokuja na mashine mara nyingi ina meno mengi au machache mno kwa kazi yako. Kupasua mbao kwa urefu, meno 24 yanatosha na unga unatoka vizuri. Plaiwudi na kukata mkato wa kukingama, yaani kukata mbao kwa upana, meno 60. Kama mfuko unaruhusu moja tu, nunua ya meno 40. Angalia tundu la katikati: mashine za soko la Marekani hutumia inchi 5/8, za Ulaya mm 30, na tundu likipwaya diski itayumba. Nati hufunguka kuelekea upande diski inakozunguka, na meno ya juu yakutazame wewe.

Umeme nao una mambo yake. Mashine ya wati 1,800 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 8, na zaidi inapowaka. Eksitensheni nyembamba ya taa haifai. Tumia waya wa mm za mraba 2.5, na kama uko kwenye roli ukunjue wote, la sivyo unapata joto. Mota inayounguruma kwa uzito na kupunguza mwendo kwenye mbao laini pengine inapata umeme mdogo, wala haijachoka.

Sasa mkato wa kwanza. Chukua msonobari mkavu wa inchi moja kwa sita, urefu wa mm 600. Ubavu unaoegemea fensi lazima uwe umerandwa ukanyooka, na uso unaolala mezani usiwe umepinda, maana mbao inayocheza juu ya meza hubana diski. Tuseme unataka vipande vinne sawa. Mbao ya mm 150 ikishatoa 2 kwa randa inabaki 148. Mikato mitatu ya mm 2.6 inakula 7.8. Kinachobaki ni 140.2, kwa hiyo kila kipande kitakuwa 35, na si 37 kama wengi wanavyokadiria kwa kugawa kwa nne. Pima kutoka fensi hadi jino lililoinamia upande wa fensi. Rula iliyobandikwa kwenye reli inayobeba fensi usiiamini hadi uihakikishe.

Inua diski hadi jino zima litokeze juu ya mbao, kama mm 5 au 6. Simama kushoto kidogo, nje ya mstari wa kipande kilicho kati ya diski na fensi. Subiri mota ifikie mwendo wake. Mkono wa kushoto unaibana mbao kwenye fensi na haupiti diski; wa kulia unasukuma. Mkono ukikaribia diski mm 150, chukua kijiti cha kusukumia, nacho kiwe karibu tangu mwanzo. Sukuma kipande cha upande wa fensi mpaka kipite kisu chote. Kusita katikati ndiko kunakounguza mbao.

Mikaratusi inahitaji tahadhari ya pekee. Mti huo hukua ukiwa na mkazo ndani, na ukiupasua nusu mbili hufunguka kama upinde au hujifunga zikaminya kisu. Ukisikia sauti ya mota inashuka, shikilia mbao palepale, zima kwa goti au kwa mkono ulio huru, usubiri diski isimame. Usiivute nyuma diski ikizunguka. Mvule una balaa jingine: mawe ya chokaa ndani ya mbao, yanayovunja meno bila kuonekana kwa nje. Mtiki hupunguza makali upesi kwa sababu ya silika yake.

Kukata mkato wa kukingama, tumia kipimo cha pembe peke yake, fensi isogezwe mbali. Ukitumia vyote viwili, kipande kilichokatika kinabaki kimenaswa kati ya diski na fensi, kikageuka upande na kurushwa. Ukihitaji vipande vya urefu mmoja, funga kibao kwenye fensi kwa klampu, kiishie kabla mbao haijafika kwenye diski.

Glavu, hapana: jino likishika kitambaa linavuta na mkono. Ncha za mtandio, pete na kamba za shingoni ziondolewe au zifichwe. Barakoa na miwani ni vya lazima, hasa kwa mninga na mvule, ambao unga wake huwasha pua na kifua.

Alama za kuungua husema ugonjwa uko wapi. Zikiwa upande wa fensi tu, rudi kwenye kipimo cha fensi. Zikiwa pande zote mbili, tazama meno kwanza: msonobari huacha utomvu mweusi unaofanana na ubutu. Vua diski, iloweke dakika kumi kwenye maji ya moto yenye sabuni, sugua kila jino kwa mswaki wa zamani kuanzia kwenye bamba kuelekea nchani, ukaushe mara moja na upake mafuta mepesi ya mashine. Iwapo bado inaunguza, ipeleke ikanolewe.