Msamaria naye aliondoka

Watu wakiniuliza nimewezaje kutembelea wagonjwa wodini miaka yote hii, huku nina cherehani, watoto wa shule na mume anayerudi usiku, hutarajia nitaje neema. Neema ipo, siikatai. Ila kilichonibeba zaidi ni daftari la ratiba.

Mama yangu mzazi alilazwa hapa Dar es Salaam mwaka 2016. Hospitali nyingi za kwetu, chakula cha mgonjwa kinatoka nyumbani, kwa hiyo saa za kuona wagonjwa zikifika unasikia chupa za uji zinafunguliwa wodi nzima. Kitanda cha pili alikuwepo binti wa kazi za ndani, kwao Singida. Bosi wake alimleta, akaandikisha jina, akaondoka. Chupa zikianza kufunguliwa, binti anageukia ukutani. Mama akaniambia, "Mwanangu, huu uji mimi siumalizi. Mpe na mwenzangu." Nikaanza kubeba vikombe viwili. Mama aliporuhusiwa, binti alikuwa bado yupo kitandani, na uji ulikuwa umeshakuwa wangu.

Ulikuwa Mwaka wa Huruma wa Kanisa Katoliki, ule alioufungua Papa Fransisko tarehe 8 Desemba 2015. Kwenye jumuiya yetu, yaani sisi waumini majirani tunaosali pamoja, kila Jumamosi alfajiri tulikuwa tunayakariri matendo ya huruma ya kimwili, yote saba, kuanzia kulisha wenye njaa hadi kuzika wafu. Tulipofika kwenye nia za maombi nikasema: nia yangu leo ni unga wa uji, na mtu wa kuupeleka siku za Alhamisi. Wengine walicheka. Mzee mmoja hakucheka. Aliuliza kitanda namba ngapi.

Mzee huyohuyo ndiye aliyenifungua macho baadaye, nilipoanza kuchoka na kuwanunia hata watoto wangu. Alinisomea Injili ya Luka 10, pale Msamaria aliyemwokota njiani mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi anapotoa dinari mbili na kumwambia mwenye nyumba ya wageni, "Mtunze huyu." Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kwa hiyo hakutoa kidogo. Lakini kesho yake alishika njia, akaendelea na safari yake. Alimwachia mwingine kazi, akaahidi kurudi. "Wewe mama," mzee akaniambia, "unataka kumzidi Msamaria?"

Tangu siku hiyo tunapokezana. Jumanne ni yangu, Alhamisi ya mwingine, na unga unatoka kwenye sadaka ya jumuiya, si mfukoni mwa mtu mmoja. Asiyeweza kuja anasema mapema. Hatumsemi.

Wodini kuna adabu zake. Kwanza unamwuliza muuguzi, kwa sababu mgonjwa anayesubiri upasuaji hali kitu, na mwenye kisukari humpelekei uji uliojaa sukari eti kwa upendo. Huulizi mtu anaumwa nini, akitaka atasema. Hupigi picha za kutuma kwenye kundi la WhatsApp, na hapo ninakuwa mkali kweli. Wala huanzi kumwombea mtu kwa sauti kabla hujaomba ruhusa. Kulikuwa na bibi mmoja Mwislamu ambaye ndugu zake walikuja jioni tu. Nikamwamkia, nikamwuliza anahitaji nini. Uji hakuutaka kabisa. Alitaka maji ya kutawadhia adhuhuri. Basi Jumanne zangu nikafanya hivyo, namshikia beseni, namwacha aswali, naenda kwa mwingine.

Uji, lakini, ndiyo sehemu nyepesi. Wengi wameshapona na wamekwama kwenye bili. Hapo anayesaidia ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye humchunguza asiye na uwezo kabisa ili apate msamaha wa gharama, na barua ya serikali ya mtaa huwa na uzito. Mgonjwa aliyelala hawezi kufuata barua, na asiye na ndugu hana wa kumtuma. Kwa hiyo huruma yangu, kwa sehemu kubwa, imekuwa kukaa kwenye benchi la ofisi nikisubiri mhuri.

Barua ya yule binti ilihitaji bosi wake, maana mwenyekiti wa mtaa hakumjua. Nilikwenda kwa huyo mama nimeshapanga maneno. Nikakuta chumba kimoja cha kupanga, karai la maandazi mlangoni, na mtoto mchanga mgongoni. Aliogopa angedaiwa bili yote. Bado naona alipaswa kwenda hata mara moja kumjulia hali, na nilimwambia hivyo. Lakini nilikaa, nikanywa chai yake, na maneno niliyokuwa nimeyapanga mengine sikuyatoa. Kumpa uji binti mgonjwa haikunigharimu sana. Kukaa na huyu bila kumhukumu kulinigharimu. Kesho yake alifunga maandazi mapema, tukaenda wote kwa mwenyekiti. Binti alipata msamaha, jumuiya ikamchangia nauli, akapanda basi la Singida.

Siyo kila mara inaisha hivyo. Wapo niliofika Jumanne nikakuta kitanda kimetandikwa upya. Wapo wanaodanganya wapate hela, na hao tunawapa uji kama wengine, hela hapana.

Siku hizi tumeongeza kuchangia damu, kwa kuwa wodi ya upasuaji wagonjwa wasio na ndugu huhangaika zaidi hapo. Masharti si magumu: umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Wanaume wanaruhusiwa kila baada ya miezi mitatu, sisi wanawake miezi minne. Yangu inatimia mwezi ujao. Akina baba wa jumuiya wana kipindi kifupi kuliko sisi na bado ndio wenye visingizio vingi, kwa hiyo safari hii majina yao nimeshayaandika kwenye daftari.