Waliokuwa Ndani ya Dohani

Moshi ulitangulia, sauti ikafuata. Ilikuwa mwanzo wa msimu wa baridi, jioni ambayo mama alisema magoti yake hayawezi kungoja tena, nami nikapanga kuni mekoni, nikasukuma kile kibati cha chuma kinachofungua koo la dohani, nikawasha. Meko ilikuwa imelala miezi mingi. Moto ulishika vizuri, lakini moshi ulipanda kidogo tu, ukajikunja, ukatoka kwa mbele na kutambaa darini mwa sebule. Nikazilaumu kuni kwamba ni mbichi. Nikapepea, nikaongeza karatasi. Haikupita robo saa mama akashika paji la uso, akasema kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Mimi pia kichwa kilikuwa kizito, ila nilikuwa nimeshajiambia ni uchovu wa kutwa nzima. Tukaufukia moto kwa majivu, tukafungua madirisha yote, tukatoka kukaa nje tumejifunika blanketi moja. Kufikia saa nne usiku vichwa vyote viwili vilikuwa vimetulia.

Dohani ikiziba, moto hutoa gesi ya kaboni monoksidi na gesi hiyo hukosa pa kwenda isipokuwa chumbani. Haina rangi wala harufu. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito ndizo dalili zake, na aliyelala huenda asiamke. Hayo niliyajua baadaye. Usiku ule nilikwenda kulala nikiwaza pa kupata kuni kavu.

Sauti tuliisikia usiku uliofuata. Mama ndiye aliyeniita. Alikuwa amesimama mbele ya meko gizani, mkono ameuweka ukutani, akaninyoshea kidole nisiseme. Kutoka juu ya kile kibati ilisikika pumzi ndefu ya kukwaruza, kama mtu anayekoroma huku ameuma meno. Ikakatika. Ikaanza tena, na safari hii zilikuwa mbili, moja nene na moja nyembamba. Damu ilinisisimka. Nikamnong'oneza mama kwamba ni nyoka, nikamvuta mkono tutoke.

Hakutoka. Akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, nyoka hapigi kelele halafu akanyamaza ghafla namna hiyo. Hawa wanaomba. Kuna mtu anakuja kuwapa, wakipewa wananyamaza."

Asubuhi nilimweleza jirani yetu, mzee mmoja ninayemheshimu. Akanipa ushauri bila kusita: washa moto mdogo, utupie majani mabichi, moshi ukijaa mnyama atatokea juu mwenyewe. Alilisema kwa nia njema, na kwa kweli ndilo wazo la kwanza la watu wengi. Nikarudi nyumbani, nikakusanya majani, nikachuchumaa mekoni na kiberiti mkononi. Njiti ilikuwa tayari imetoka kwenye kisanduku.

Mama akaja nyuma yangu akanishika kifundo cha mkono. Hakupaza sauti. "Anayeomba chakula bado hajui kupanda. Atatokea wapi?"

Nimeukumbuka mshiko ule mara nyingi. Majani yale nilikuwa nimeyachuma kwa mikono yangu, na mpaka alipouliza sikuwa nimejiuliza swali hilo hata kidogo. Moshi humtoa mwenye mbawa zilizokomaa, basi. Kinda hubaki pale pale kukosa pumzi, na mama yake akilewa moshi anaweza kudondoka motoni. Kama kuna vijiti, moto unaweza kuvipata na kuunguza dohani yenyewe kwa masizi yaliyoganda ndani.

Nikarudisha njiti. Nikapiga simu kwenye kituo kinachohudumia wanyamapori, akapokea dada mmoja mwenye sauti ya haraka. Kabla hajauliza jina langu alitaka kujua mambo matatu: kuna mtu ameumwa au kukwaruzwa? Kuna mtoto au mbwa anayefika mekoni? Mmewasha moto? La tatu nilijibu kwa aibu. Akasema nisiwashe tena, hata mshumaa. Nisikiguse kile kibati kwa sababu sijui ni nani amekalia juu yake. Mdomo wa meko niuzibe kwa ubao na kupenyeza taulo pembeni, ili aliye ndani asije akaingia chumbani. Na endapo ataingia hata hivyo, nifunge milango ya ndani, nizime taa, nifungue wazi dirisha moja tu la nje na kuyafunika mengine, kisha niondoke kimya. Mnyama wa porini akiona njia moja yenye mwanga na hakuna anayemkimbiza, huifuata.

Nilimuuliza kwa nini aliulizia kuumwa. Akaniambia kwamba katika dohani wengine hukuta popo, na popo wa sehemu nyingi za dunia wanaweza kubeba kichaa cha mbwa au virusi vya jamii yake. Jino la popo ni dogo kiasi kwamba alama yake haionekani kwa urahisi, kwa hiyo aliyemshika kwa mkono mtupu huoshwa kwa maji na sabuni na kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ana hakika hakuumwa. Nilikuwa nimepanga, kama moshi ungeshindwa, kuingiza mkono.

Alifika mchana akiwa na glavu nene, barakoa, na kamera ndogo iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo inayopindika. Akalala chali mekoni, akaipitisha fimbo pembeni mwa kile kibati taratibu, nasi tukatazama kwenye kioo kidogo alichompa mama ashike.

Kwanza vijiti. Rundo zima la vijiti, ambalo alisema ni la ndege wengine wa miaka iliyopita, limeangukia kwenye kile kibaraza kilicho nyuma ya koo la dohani na kupanda hadi kuziba sehemu kubwa ya njia. Juu ya rundo, uso mweupe wenye umbo la moyo ukageukia taa. Kisha wa pili. Kisha wa tatu, mdogo, bado amefunikwa manyoya laini kama pamba. Mama akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nusu kicheko nusu kilio.

"Bundi," yule dada akasema. Bundi wa aina hii hajengi kiota. Hutaga palipo tayari, kwenye banda, kwenye shimo la mti, kwenye dari, na dohani iliyolala miezi mingi kwake ni shimo la mti. Jike huanza kulalia yai la kwanza mara tu analipotaga, kisha hutaga mengine kila baada ya siku mbili au tatu, na ndiyo maana wale makinda walionekana kama watoto wa miaka tofauti.

Kamera ikashuka kidogo. Pembeni mwa rundo palikuwa na wa nne, amelala ubavu, mdogo kuliko wote. Hakugeukia taa.

Nikamuuliza kama ni moshi wangu. Alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba yule wa mwisho kuanguliwa mara nyingi hufa kwa njaa kwa sababu wakubwa humtangulia chakula, na kwamba kwa kutazama tu hawezi kusema ni lipi. Hakunihukumu wala hakuniondolea mzigo, na nilimheshimu kwa hilo. Robo saa ile ya moto bado ninayo.

Nilitaka awachukue siku hiyo hiyo. Nilidhani huko ndiko kuwaokoa. Akanieleza kwamba kinda akiwa na wazazi wanaomlisha, hakuna kituo kitakachomlea vizuri kuliko wao, na kwamba katika nchi nyingi sheria inakataza kugusa kiota chenye makinda. Baadaye nilisoma kwamba Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1981 inamlinda bundi huyu hasa, na kumsumbua akiwa kiotoni ni kosa. Kwa ukubwa wa yule wa kwanza, alikadiria kama wiki tatu. Bundi hawa huruka wakiwa na wiki nane hivi, wakati mwingine zaidi, na wa mwisho huchelewa kuliko wa kwanza. Akahesabu kwa vidole. "Wiki sita, mama. Labda saba. Mtaweza bila moto?"

Mama alivuta shali. "Mimi nina blanketi," akasema.

Baridi ya wiki zile sina haja ya kuisimulia. Tulihamia chumba cha nyuma, tukavaa soksi mbili mbili. Kilichonishangaza ni jinsi sebule isiyo na moto ilivyogeuka kuwa mahali pa kukaa jioni. Giza likiingia tulizima taa na kukaa mbali na ubao. Kukoroma kulianza, wakubwa kwanza, kisha kukapanda kwa pamoja hadi ukuta ukaonekana kuvuma. Bundi hana kishindo. Ukingo wa mbele wa bawa lake una vijino laini kama vya kitana vinavyovunja upepo, hivyo hatukumsikia hata mara moja akitua. Tulijua amefika kwa sababu ghafla pangekuwa kimya.

Wiki ya tatu, alfajiri, kitu kilianguka nyuma ya ubao, pu! Kisha mkwaruzo wa kucha kwenye matofali. Nilisogeza ubao upana wa kidole nikamwona: yule wa tatu, amesimama kwenye majivu, mbawa amezipanua, anayumba huku na huku akipiga mdomo tak-tak-tak. Nilikuwa na hamu kubwa ya kumwinua. Nikaurudisha ubao, nikapiga simu.

Yule dada alimrushia taulo kichwani, maana giza humtuliza ndege, akamkusanya kutoka nyuma akiwa amebana miguu yote miwili kwa pamoja. Mdomo humtisha mtu asiyemjua bundi, akaniambia, lakini kinachojeruhi ni kucha, na zikishafunga ndani ya nyama si rahisi kuzifungua. Akamkagua mbawa na macho, akampima kwenye mzani wa mkononi. Mzima. Nikamuuliza kama mama yake atamkataa kwa kuwa ana harufu ya watu. Akasema hilo ni jambo linalosemwa sana na si kweli. Lililo kweli ni kwamba bundi hawa humlisha aliye kiotoni, na aliyeanguka chini kwa kawaida hawamwangalii tena. Tungemwacha kinda mekoni, angekufa karibu kabisa na chakula. Akampandisha pembeni mwa kile kibati, akambakiza mkono hapo mpaka aliposhika vijiti kwa kucha zake, kisha akaweka wavu chini yake asianguke tena.

Jioni tulisubiri tukihesabu. Sauti nene. Sauti ya pili. Muda ukapita, mama akiwa ameinamisha kichwa. Halafu ikaja ile nyembamba, imekwaruza kuliko kawaida. Mama alinipiga begani kwa furaha hadi nikaumia.

Waliondoka mmoja mmoja. Usiku wa mbalamwezi tuliwaona juu ya dohani, wamepangana ukingoni, wakirukaruka hatua fupi na kurudi. Hata baada ya ukimya, yule dada alitaka tungoje wiki nyingine kadhaa, kwa kuwa vijana hurudi kulala pale walipokulia, na aliyefungiwa kwa wavu hufa taratibu bila mtu kujua. Katika muda huo alituwekea sanduku la kutagia juu ya mti ulio nyuma ya nyumba. Alisema bundi huipenda nyumba yake ya zamani, na huwezi kumfungia mlango bila kumfungulia mwingine.

Fundi wa dohani alipokuja aliingiza tena kamera, akahakikisha ni tupu. Akanyunyizia kinyesi maji kabla ya kugusa chochote, akavaa barakoa, kwa sababu kwenye vinyesi vya ndege na popo vilivyorundikana huweza kuota kuvu ambao vumbi lake likivutwa huugusa mapafu. Zilitoka ndoo saba za vijiti. Kulikuwa pia na vidonge vyeusi vya manyoya na mifupa, mabaki ambayo bundi huyatapika baada ya kula. Mama alivipasua kimoja kimoja kwa sindano na kutoa mafuvu ya panya, akayapanga kwenye gazeti. Aliacha kuhesabu alipofika mia moja na kumi.

Yule wa nne fundi alinikabidhi kando, amefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa mwepesi kama karatasi. Nilimzika chini ya ule mti wenye sanduku, na mama akaja kusimama nami ingawa sikuwa nimemwambia.

Sasa juu ya dohani kuna kofia ya chuma yenye wavu, na ukutani sebuleni kuna kifaa kinacholia kikinusa kaboni monoksidi. Kila mwaka, kabla msimu wa moto haujaanza, fundi hupitisha brashi. Lakini mama hajawahi kuniruhusu kuwasha kwa sababu tu fundi kasema. Huzima taa zote kwanza. Huweka kiganja ukutani, kisha sikio, akafumba macho, nami husimama nyuma yake na kiberiti mfukoni mpaka aniambie.