Siku moja wodini: kanula 17

Saa 1:30 asubuhi. Mwenzangu wa zamu ya usiku ananikabidhi kitanda kwa kitanda. Wodi ya wanawake, wagonjwa 26, wenye kanula 17, yaani kile kimrija cha plastiki kinachoingizwa kwa sindano na kuachwa mshipani kupitishia dawa na maji. Kitanda cha nne anasema, "Huyu kanula ipo," anataka kupita. Nafunua shuka. Hilo neno "ipo" limenichosha kuliko mengine yote kazini. Ipo tangu lini? Inapitisha? Bado ina kazi? Plasta haina tarehe. Simlaumu, alikuwa peke yake usiku kucha, na mimi nikiwa usiku nimeshasema "ipo" mara nyingi tu.

Saa 2:20. Bibi wa kitanda cha tisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mkono huu umeamka mzito."

Kanula ya pinki, imewekwa kwenye kiwiko, pale pale mkono unapokunjwa, tangu alipopokelewa kwa dharura juzi usiku. Mkono umeumuka kama andazi, ngozi imekaza inang'aa. Naugusa kwa mgongo wa vidole, kisha nagusa wa pili. Huu uliovimba ni wa baridi. Baridi ina maana maji yametoka mshipani yanajaa nyamani. Ungekuwa wa moto na mwekundu, na mshipa umekakamaa kama kamba chini ya kidole, basi ni mshipa wenyewe umevimba, ama kwa kuchubuliwa na kanula, ama kwa dawa kali, ama kwa vijidudu. Kwa vyovyote dripu inafungwa na kanula inatoka. Haisukumwi eti izibuke.

Binti yake anashangaa: "Lakini sista, si maji yalikuwa yanatembea?"

Yalikuwa yanatembea, dada. Matone hushuka hata yakiwa yamepotea njia. Bahati yake ni maji ya chumvi matupu. Tunauinua mkono juu ya mto, kanula mpya itakwenda mkono wa pili, kwenye kigasha, mbali na kiungo.

Ubaridi ule nauogopa kwa sababu yangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza kazini, hospitali nyingine, nilisukuma dekstrozi ya 50%, maji mazito ya sukari, kwa mgonjwa aliyeshuka sukari bila kuijaribu kwanza kanula kwa maji ya chumvi. Akasema inaunguza. Nikamwambia avumilie, dawa ndivyo ilivyo. Baada ya siku chache ngozi ya mgongo wa kiganja ikawa nyeusi, na kidonda kile nilikifunga mwenyewe kwa wiki kadhaa. Leo mgonjwa akisema inaunguza, mkono unasimama kabla sijafikiri.

Saa 3:00. Dawa. Nasugua mdomo wa kanula kwa spiriti nikihesabu hadi 15, naacha ikauke. Maji ya chumvi mililita 5, dawa polepole, maji tena. Interni, daktari aliye mafunzoni, anataka kupitisha seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, kwenye mpira ule ule unaoshusha dripu ya Ringa. Namzuia: Ringa ina kalsiamu, vikikutana vinaganda chembe nyeupe, na zile chembe zinakwenda mwilini. Anasimamisha Ringa, anasafisha mpira kwanza. Amenuna kidogo. Atazoea.

Saa 4:15. Daktari anapita. Kitanda cha 12 anakula ugali, anakunywa maji, dawa zake zote sasa ni vidonge. "Daktari, hii kanula ya nini?" Anacheka, anaandika itolewe. Tumetoa nne hivyo, na kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya leo. Chuoni tulikaririshwa kanula ibadilishwe kila saa 72, basi. Siku hizi wengi wanasema kwa mtu mzima ibadilishwe ikionyesha dalili, na tafiti zinawaunga mkono. Sina ugomvi, ila ushauri huo unamhitaji mtu wa kuitazama kila zamu. Pasipo mtu huyo, afadhali saa 72. Na iliyowekwa mbio mbio kwenye dharura, bila usafi wa kueleweka, mimi naitoa ndani ya saa 48 hata ikiwa inapendeza.

Saa 5:10. Mgonjwa mpya, anahara tangu jana, mishipa imelala. Anahitaji maji mengi kwa haraka, natamani kanula ya kijani, ambayo ni nene. Njano na bluu ni nyembamba, maji yangekwenda kwa kusinzia. Nafunga toniketi, ule mkanda wa kubana mkono ili mshipa ujae, namwambia afumbe na kufumbua ngumi. Nasafisha, nasubiri ngozi ikauke, na hapo ndipo wengi tunapoharibu: tumeshasafisha, halafu tunarudisha kidole kuutafuta mshipa. Mara ya kwanza mshipa umekimbia. Plastiki ilikuwa imeshasogea mbele, sirudishi sindano ndani yake, maana inaweza kuikata kipande kikabaki mshipani. Natoa yote, naanza na mpya. Mara ya pili damu inarudi, nasogeza plastiki ndani, nafungua toniketi kabla ya kutoa sindano. Sindano inakwenda sefti boksi, boksi la kutupia vyenye ncha kali, bila kufunikwa, na boksi likifika robo tatu tunalifunga. Ningekosa tena ningemwita mwenzangu. Mikono miwili iliyotobolewa inatosha.

Saa 7:40 mchana. Wali maharage, nimesimama.

Saa 9:30 alasiri. Sasa nakabidhi mimi. Bibi anauinua mkono kabla sijamfikia, uvimbe umeanza kushuka, makunyanzi yamerudi. Amekaa na biki yangu niliyoisahau kitandani kwake asubuhi.

"Mjukuu wangu, hii ya mkono wa pili hujaiandika."

Kweli, sijaiandika. Nachukua biki, naandika tarehe na saa juu ya plasta.