Kanisa la mwaka gani? Nilivyoandika historia ya majengo ya misheni ya Bagamoyo

Baba paroko aliniambia kazi yenyewe ni ndogo: kurasa mbili tu, zisomwe baada ya Komunyo, kabla ya matangazo. Ilikuwa mwanzoni mwa 2018, mwaka wa jubilei ya miaka 150 tangu misheni ya Bagamoyo ifunguliwe, na kila mtu alikuwa amepangiwa lake. Wengine mapambo, wengine jikoni, wengine wageni. Mimi, kwa kuwa nafundisha historia sekondari, nikapewa "historia ya kanisa letu lilivyojengwa". Nikajisemea, hiyo ni ya jioni moja. Ikanila miezi minne.

Jioni ya kwanza niliandika hivi: "Kanisa letu lilijengwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Humo ndimo ulimolazwa mwili wa Dk. Livingstone mwaka 1874." Nikaisoma mara mbili, nikaipenda. Jumatatu nikawasomea wanafunzi wa kidato cha pili ili nipime inavyosikika. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, makumbusho walituambia kanisa lilimalizwa 1914. Sasa huyo marehemu walimlaza wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikasema swali zuri, tutalirudia. Ndivyo tunavyosema walimu tukikwama.

Jioni ile nilipitia miaka yote niliyokuwa nimeisikia tangu utotoni. 1868 iko midomoni mwa kila mtu. Waongoza watalii wanataja 1872. Wazee wa kwaya wanasema 1914, wengine 1910. Kwenye pango la Bikira Maria utaambiwa 1876, na ukiingia makumbusho utaambiwa 1876 tena, ila hiyo ni ya nyumba ya masista. Kwanza nilidhani kuna anayekosea, na kazi yangu ni kumtafuta. Nikapoteza wiki tatu nikishindanisha watu. Mzee mmoja, ambaye kila nikimwamkia huniitikia marahaba kisha hunirekebisha, ndiye aliyenitoa kwenye tope: "Mwalimu, wewe unauliza mwaka. Uliza mwaka wa nini."

Nikanunua karatasi za manila. Badala ya kupanga miaka kuanzia juu hadi chini kama nilivyozoea ubaoni, nikatoa karatasi moja kwa kila jengo: mnara wa zamani, kanisa la sasa, nyumba ya mapadre, nyumba ya masista, pango. Kila habari niliyoipata niliiandika kwenye karatasi ya ukuta wake. Habari isiyo na ukuta ilikaa pembeni mpaka ipate mwenyewe. Sikubuni kitu kingine cha maana zaidi ya hicho katika kazi nzima.

Na kweli, ndani ya siku chache miaka iliacha kugombana. 1868 haikuwa na ukuta. Tarehe 4 Machi mwaka ule Padre Antoine Horner na wenzake walivuka kutoka Unguja, ambako shirika lao lilikuwa limeanza kazi miaka mitano nyuma, wakafungua misheni kwenye ardhi waliyopewa kwa idhini ya Sultani Majid. Walichoanzisha ni mahali: mashamba, makazi na karakana za watu waliokombolewa utumwani. Kisha tarehe 15 Aprili 1872 kikaja kimbunga kilichoipiga Unguja na pwani hii, kikaangusha sehemu kubwa ya kile walichokuwa wamejenga. Kanisa la mawe, lile ambalo mnara wake bado umesimama, linahesabiwa kuanzia mwaka huohuo wa 1872. Nyumba ya mapadre ilianza mwaka uliofuata.

Basi lile swali la binti wa kidato cha pili likawa limepata jibu. Livingstone aliondoka pwani kwenda bara mwaka 1866 na hakurudi akiwa hai. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Watumishi wake Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500, wakafika Bagamoyo tarehe 24 Februari 1874. Ukalazwa misheni usiku mmoja, katika kanisa lile la kwanza, kabla ya kuvushwa Unguja na baadaye kupelekwa London. Kanisa tunalosalia leo halikuwepo hata kwenye ndoto. Mnara wenyewe tunauita Mnara wa Livingstone, jina la mtu ambaye hakuwahi kuuona kwa macho yake. Kama ningeulizwa mimi, ningeuita Mnara wa Susi na Chuma. Sikuulizwa.

Lakini miaka ya kusoma kwenye karatasi ni nusu ya kazi. Nilitaka kujua lilivyojengwa, na hapo vitabu vilininyamazia. Nikamtafuta fundi mwashi, mtu wa makamo aliyewahi kukarabati nyumba kadhaa za mawe huku mjini. Nilimlipa soda na nauli ya bodaboda. Naye akaja na mwiko tu.

Alianza kwa kuugonga ukuta kwa mpini wa mwiko, akitega sikio kama daktari. Sehemu nyingine zililia kwa mlio mzito, nyingine zililia kama debe. "Hapa palipo kama debe wamepiga lipu ya saruji juu ya chokaa," akasema. "Imeachana na ukuta. Ukuta wa zamani unapumua, Mwalimu. Unakunywa maji ya ardhini, unayatoa taratibu, na chumvi inatoka nayo. Ukiuziba na saruji, maji yanabaki ndani yanatafuta njia. Siku moja lipu yote inakuja chini." Akaning'olea kipande kwa ukucha. Nyuma yake palikuwa na unga mweupe. Nikaulamba, chumvi tupu.

Akanieleza mawe yenyewe. Haya ni matumbawe, bahari iliyokufa zamani ikageuka mwamba. Ni mepesi, yana matundu, hayachongeki vizuri kwa pembe kali, ndiyo maana kuta za pwani ni nene: mawe ya ovyoovyo yanapangwa pande mbili, katikati inajazwa vipande na udongo wa chokaa. Na chokaa yenyewe imetokana na mawe hayohayo. Unapanga magogo, unapanga matumbawe juu yake, unachoma, kisha unazimua kwa maji na kuacha ikae. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa nzuri. "Mzungu hakuja na hii," fundi akasema, "aliikuta." Na ni kweli. Misikiti na nyumba za mawe za Kaole, kilomita chache kusini mwa hapa, zilijengwa hivyo karne nyingi kabla ya padre yeyote.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni boriti. Ukiingia nyumba za mawe za zamani mjini utaona vyumba virefu vyembamba. Miaka yote nilidhani ni mtindo wa Waarabu. Fundi akacheka. Boriti ya mkoko, akasema, haibebi dari pana: ikizidi mita tatu hivi inalegea katikati. Chumba kinafuata mti. Sasa wewe ni padre, unataka watu mia kadhaa wakae chini ya paa moja, wote waione altare. Boriti haikusaidii. Lazima uwe na matao na nguzo, au kenchi za mbao za kupasua, na mafundi wanaojua kuzifunga. Nilivyorudi kanisani Jumapili iliyofuata sikusikiliza mahubiri. Nilikuwa natazama juu.

Ndipo nikafika kwenye neno lililonisumbua zaidi, neno "walijenga". Kila andiko nililopewa lilisema "mapadre walijenga". Padre gani alibeba mawe? Waliochoma chokaa, waliobeba mchanga, waliopanga ukuta walikuwa hasa watu wa kijiji cha misheni, watu walionunuliwa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa au kuletwa na manowari za Waingereza, wengi wao watoto walipofika. Walifundishwa useremala, uashi, kilimo. Walipewa uhuru, na pia walipewa kengele ya kuamka, ya kusali na ya kwenda kazini. Mimi siwezi kulisema hilo kwa utamu tu, wala siwezi kulisema kwa uchungu tu. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye ukoo wake ni wa kijiji kile, aliniambia kwao hadithi ya kanisa haikuanza na padre, ilianza na kichwa cha bibi yake bibi, kilichokuwa na kipara katikati kwa kubeba karai. Nikaandika "walijenga" na kuwataja wao kwanza. Mjumbe mmoja wa kamati aliona sentensi imekaa kinyume. Nikamwachia aione hivyo.

Picha nazo zilinisaidia, kwa njia rahisi ambayo yeyote anaweza kuitumia. Picha nyingi za zamani za misheni hazina tarehe, au zina tarehe iliyoandikwa na mtu aliyekisia. Mimi niliuliza jambo moja tu: kanisa kubwa, yaani hili la sasa lililoanza kujengwa 1910 na kumalizwa 1914, liko, au haliko? Kama mnara wa zamani umesimama peke yake na kanisa kubwa halijaonekana upande wake, picha ni ya kabla ya 1910. Kama kuna kuta zisizo na paa, ni kati ya 1910 na 1914. Nikatazama pia, kwenye picha hizohizo, miembe ya ile njia inayotoka baharini, ambayo ilipandwa enzi za Horner: ikiwa midogo kuliko mtu, umerudi nyuma sana. Kwa maandishi ya Kifaransa sikuwa na ujanja, nilimwomba sista mmoja anayekijua, akanisomea jioni mbili huku akichambua mchicha.

Swali moja lilibaki, na hilo nililijibu kwa akili yangu. Kwa nini kanisa kubwa vile lijengwe 1910? Mji ulikuwa unashuka. Wajerumani walikwishahamishia makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, si kutoka hapa. Misafara ya pembe na wapagazi ilikuwa inakwisha. Mtu wa biashara angefunga virago. Lakini Kanisa lilikuwa na hesabu yake: mwaka 1906 Bagamoyo ilifanywa vikarieti ya kitume, yaani eneo la kimisheni ambalo bado si jimbo kamili, yenye askofu wake, François-Xavier Vogt, na askofu asiyekuwa na kanisa la kumtosha ni kama bwana harusi aliyeazima suti. Halafu watoto wa waliokombolewa walikuwa wamekua, wameoana, wamezaa. Lile kanisa la kwanza lilikuwa dogo kwao. Walilimaliza 1914, mwaka uleule vita ilipoanza. Agosti 1916 Waingereza waliupiga mji mizinga kutoka baharini na kuutwaa. Nimejaribu kuwaza ilikuwaje kwa fundi aliyetoka kushusha jukwaa lake juzi tu.

Nikamaliza kurasa mbili. Zilikuwa nne, baba paroko akazikata zikawa mbili, akaacha fundi nje na kumbakiza askofu. Hilo sikulipigania.

Nililolipigania ni kitenge. Akina mama wa jumuiya yetu walikuwa wameagiza kitenge cha jubilei, na mchoro uliokuja kuonyeshwa ulikuwa na picha ya kanisa la sasa, na chini yake: "Kanisa letu 1868–2018". Nikasimama kwenye kikao nikiwa na manila zangu chini ya kwapa. Nikaeleza yote: kanisa hili ni la 1914, misheni ndiyo ya 1868, neno lisomeke "Misheni yetu". Mwenyekiti, mama mwenye busara na haraka, akakubali neno libadilishwe. Nikapata tamaa. Nikasema, na picha je? Kama mnataka kitu cha 1868 kinachoonekana kwa macho, hapo misheni tunao mbuyu, inaelezwa ulipandwa mwaka uleule walipofika mapadre. Ndio ule ulioumeza mnyororo ambao Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyehudumu misheni, alikuwa akimfungia punda wake. Tuweke mbuyu.

Kimya kikapita. Kisha mama mmoja wa nyuma akasema, kwa upole kabisa:

"Mwalimu baba, mbuyu kwenye kitenge cha kanisa? Si watu watasema jumuiya nzima imetoka kwa mganga?"

"Au tumeuzunguka," akadakia mwingine, na kikao kikaishia hapo.

Kitenge kikatoka na "Misheni yetu 1868–2018", na kanisa la 1914 juu yake, zuri, na minazi ambayo mchoraji aliiongeza mwenyewe. Nilishonesha shati. Bado ninalo.