Alhamisi ya magunia: siku moja ya mpambaji wa Ngamiani

Saa 11 alfajiri. Kilichoniamsha ni harufu ya magunia, adhana ilinikuta macho. Magunia matano ya korosho yako kwenye kamba ya uani tangu juzi. Nimeyafua mara mbili kwa sabuni ya unga na bado yananuka mafuta yale ya kiwandani. Nimeyanunua 2,500 moja, yameshatumika. Anayedhani gunia ni pambo la bure aje afue moja tu.

Harusi ni Jumamosi, Muheza, kwenye shamba la babu yake bi harusi, chini ya michungwa. Awali kamati ilitaka ukumbi hapa Tanga mjini. Michango ikaja nusu ya ahadi (ahadi za michango mnazijua), ukumbi ukafutwa, nikapigiwa simu: "Dada, tunataka kitu cha asili, cha kishambashamba, lakini kipendeze." Meza 20, watu wanane kila meza, laki sita kwa mapambo na karatasi zote, na usafiri humohumo. Nikakubali kabla sijapiga hesabu. Ndiyo tabia yangu.

Saa 1 asubuhi. Chai ya rangi na kiporo cha wali, kisha mkasi. Gunia ukilifumua ubavuni na kitakoni linakuwa shuka moja, na shuka hilo linatoa vipande vinne virefu vya kulaza katikati ya meza. Magunia matano, meza 20, basi. Ila usikate kwa macho. Gunia linapinda, na mkasi unafuata pale linapopinda. Chagua uzi mmoja ukingoni, uvute taratibu huku unalikunja gunia kwa mkono mwingine mpaka utoke wote. Unabaki mstari mwembamba wenye uwazi, umenyooka kuliko rula yoyote. Hapo ndipo mkasi unapopita. Uzi ukikatika katikati, unautafuta mwenziwe kwa ncha ya sindano na kuendelea. Kipande cha kwanza kilinichukua dakika 20, cha mwisho saba.

Saa 3. Mdogo wangu amefika na jirani zetu wawili. Leo ni zamu ya chupa. Zipo 40, tumezilowesha usiku kucha kwenye maji ya majivu ili karatasi zake zitoke. Kila moja tunaizungushia kamba ya mkonge tumboni, mizunguko 20, ambayo ni mita nne na ushee za kamba. Mkonge ni mkali, kufika chupa ya tano vidole vinawaka. Kuna anayeshauri kupaka mafuta ya nazi kwanza. Msimsikilize, gundi haishiki. Tunazungusha kavukavu, halafu vinyuzi vile vinavyochomoza tunavipitisha haraka kwenye mwali wa mshumaa. Haraka kweli. Jirani mmoja alianza kusimulia habari za mkwewe na chupa ikashika moto mkononi.

Saa 5. Karatasi. Kadi za mwaliko zilishatoka wiki mbili zilizopita. Tulitengeneza 45 tu za mkononi, kwa ajili ya wazee, maana mzee hapokei mwaliko wa simu akauita mwaliko. Wengine wote walitumiwa WhatsApp, singo na dabo zao (mwaliko wa mtu mmoja au wawili) zikiwa zimeandikwa humo. Leo zimebaki ratiba 40, mbili kila meza, na mifuko 160 ya visheti vya kuwapa wageni wakiondoka. Ratiba ni karatasi za manila kumi, kila A4 inakatwa mara nne. Mifuko ni ya kaki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, hii ya kaki ipo hadi kwa muuza karanga, na ukiinunua kwa bunda haikuumizi.

Mhuri nimeuchonga mwenyewe, kwenye soli ya ndala kuukuu, kwa wembe: S na J, herufi za maharusi. Nilipobandika kwenye kipande cha mbao nilijiona fundi. Nikagusisha kwenye sifongo lenye rangi, nikapiga mfuko wa kwanza. S ikatoka imetazama nyuma, J imegeuka kama ndoana ya mvuvi wa mkono wa kushoto. Miaka yote hii na bado nasahau kwamba mhuri huchongwa kinyume. Dawa yake ni kuandika herufi kwa penseli nzito kwenye karatasi, kuilaza kifudifudi juu ya soli na kusugua mgongo wake kwa kijiko. Zinahamia zenyewe zikiwa zimegeuka. Ndala kuukuu ilikuwa imekwisha, nikachukua iliyokuwa karibu na mlango.

Saa 8 mchana. Joto la Tanga na unyevu wa bahari. Ratiba nilizobandika utepe wa gunia kwa gundi nyeupe zimejikunja kama majani ya mgomba. Nimezipanga kati ya magazeti, nikalaza ubao juu yake, na juu ya ubao mfuko wa mchele wa kilo 25. Hazitaguswa mpaka kesho.

Saa 9 na nusu. Mjomba wa bi harusi, mweka hazina wa kamati.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu nieleze, mwanangu. Kamba na magunia ndiyo laki sita?"

Nikampa daftari. Vifaa 148,000. Usafiri 120,000. Inayobaki, 332,000, ni ya watu wanne kwa siku sita, haifiki 14,000 kwa mtu kwa siku. Akaitazama safu ya saa zetu za kazi kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Ujanani alikata mkonge, na hakosi kusimulia jinsi Hindorf, yule Mjerumani, alivyouleta mwaka 1893 na miche 62 tu ikafika hai. Leo hakusimulia. Alisema, "Sisi hatukuhesabiwa saa. Fungu moja majani 30, unalipwa kwa mafungu. Nihesabie kwa chupa."

Nikamhesabia. Chupa 40, kila moja 1,500, ni 60,000. Vipande vya meza, mifuko, ratiba, vyote kwa kipande. Tulipojumlisha ilizidi ile ya saa kwa 8,000. Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema tubaki na ile ya kwanza.

Lakini hakuondoka hivihivi. Tulikubaliana makuti, machungwa na milingoti ya mkonge vitoke kwa vijana wake, nami nipunguze 40,000 kwenye usafiri. Milingoti ni ya lango la maharusi. Mkonge hutoa mlingoti mara moja tu, ukishachanua unakufa, na ukikauka ni mrefu na mwepesi kiasi kwamba mtu mmoja anabeba miwili. Machungwa tutayajaza kwenye vikapu katikati ya meza. Kwa Muheza hilo ndilo pambo rahisi kuliko yote, na wageni watalila kabla hotuba hazijaisha.

Saa 12 jioni. Chupa 38. Mbili zimepasuka, moja ni ile ya mkwe. Mifuko 160 yote ina mhuri, S na J zinatazama zinakotakiwa. Jirani wameondoka na visheti vilivyokatika.

Saa 2 usiku. Mume wangu ametoka kuoga, amesimama mlangoni kwa mguu mmoja.

"Mke wangu, ndala yangu ya kushoto umeiona?"

Nikamwonyesha mifuko.