Nilivyomrudisha mama kwenye ugali wa dona

Mama yangu ana miaka zaidi ya 60, naishi naye Mbagala. Alipoanza kuuliza swali lilelile asubuhi na jioni tulikwenda hospitali, akapimwa, akapangiwa kliniki. Nyumbani nikawa nasoma habari za ubongo wa wazee, na kila niliposoma nilikutana na habari za tumbo.

Nyuzinyuzi za nafaka, kunde na mboga hazimeng'enywi kwenye utumbo mdogo. Zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, na hapo inapatikana butirati, chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Ukuta huo ukilegea, vitu vya kuamsha uvimbe (si jipu, ni kinga ya mwili kuwaka kama inapambana na ugonjwa) vinapenya hadi kwenye damu, na uvimbe wa ndani usioisha unahusishwa na ubongo kudhoofika. Mwaka 2024 watafiti wa King's College London walitoa matokeo ya jaribio la jozi 36 za mapacha waliovuka miaka 60. Waliokunywa unga wa nyuzinyuzi kwa wiki 12 walifanya vizuri zaidi kwenye kipimo cha kumbukumbu, ingawa nguvu za misuli hazikutofautiana. Ulionigusa zaidi ni utafiti wa Kilimanjaro wa 2025: wanaume wa kijijini waliacha chakula chao cha asili wakala cha kizungu kwa wiki 2 tu, na damu yao ikaonyesha dalili za uvimbe.

Sasa mwambie hayo mtu aliyezoea sembe nyeupe na chai ya maandazi!

"Mwanangu, dona nimekula bweni, nimekula jeshini. Leo tena unanirudisha huko?"

Sikubishana naye. Nilinunua mahindi mazuri Tandika, nikayapeleka mashineni yasagwe bila kukobolewa, halafu nikawa nachanganya na sembe, dona kidogo kwanza, nikiongeza taratibu. Dona mbichi ya mahindi mapya ina utamu wake, na nadhani huo ndio uliomshinda. Ile ya dukani iliyokaa muda mrefu huwa chungu, asingeigusa.

Maharage ndiyo yalitaka subira. Tumbo lisilozoea hujaa gesi, na mzee akiumwa tumbo mara moja hatakusikiliza tena. Nilianza na choroko, kijiko kimoja au viwili pembeni ya wali, kisha kunde, na maharage mwisho, yaliyolala kwenye maji usiku kucha na maji yale kumwagwa. Maji ya kunywa nayo niliyaongeza, maana nyuzinyuzi bila maji hufunga choo. Matembele na mchicha havikuwa na shida, kwa nazi anamaliza bakuli.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Sipimi kwa mizani, naangalia sahani tu: kuna kunde, kuna majani, kuna tunda lisilokamuliwa juisi.

Choo chake kimekuwa chepesi na mchana hasinzii ovyo. Kuhusu kumbukumbu, hilo namwachia daktari wake, na dawa zake za presha anakunywa kama alivyoandikiwa. Maandazi tumeyabakiza Jumapili, kwa sharti lake mwenyewe.